Tangazo limebanduliwa ukutani, je, haki imeondoka nalo?

Swali: "Naishi Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa sita sasa, nilitoka Kenya. Nafanya kazi kwenye kiwanda kinachofungasha vifaa vya hospitali, na mteja wetu mkubwa ni Idara ya Wanajeshi Wastaafu ya serikali ya Marekani. Mimi ni kiongozi wa laini, nalipwa dola 22.75 kwa saa. Miezi 14 iliyopita aliletwa kijana Mmarekani, nikamfundisha kazi mwenyewe, na muda huo wote amekuwa kiongozi wa laini kama mimi. Juzi wakati wa mapumziko akanitajia mshahara wake: dola 26.50. Ukutani palikuwa na tangazo kwamba kampuni zenye mikataba na serikali haziruhusiwi kubagua wala kumwadhibu anayezungumzia mshahara wake. Nilipokwenda kulisoma, halipo. Mwenzangu anasema Trump alifuta sheria hiyo. Ni kweli? Nimebaki na haki gani? Na nikiuliza, si nitamponza yule kijana?"

Jibu: Dada yangu, nianze na hesabu. Dola 3.75 kwa saa, ukifanya saa 40 kwa wiki, ni dola 7,800 kwa mwaka. Kwa miezi 14 ni kama dola 9,100, na hapo sijagusa ovataimu. Hiyo ni karo ya mtoto, ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Usikubali mtu akuambie unalalamikia senti.

Mwenzako amesema kweli, ila nusu yake. Tarehe 21 Januari 2025 Rais Trump alisaini Amri ya Rais namba 14173, na ndani yake akaifuta Amri namba 11246, iliyowakataza wenye mikataba na serikali kuwabagua wafanyakazi, ambayo Rais Lyndon Johnson aliisaini tarehe 24 Septemba 1965. Siku tatu baada ya hapo Wizara ya Kazi iliwaamuru watumishi wake wasimamishe uchunguzi na kesi zote zilizotegemea amri ile ya zamani. Tangazo lako huenda liliondolewa kwa sababu hiyo. Lakini amri ya rais si sheria ya Bunge. Rais mmoja huiandika, mwingine huifuta kwa kalamu hiyo hiyo. Sheria zinazokataza wewe kulipwa kidogo kwa sababu ni mwanamke, au mweusi, au umetoka Kenya, zilipitishwa na Bunge la Marekani na zote zipo.

Kilichoondoka ni mkaguzi, yule aliyekuwa akibisha hodi kiwandani bila wewe kumwita. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ushauri wangu wote unatoka hapo.

Serikali ya Marekani iligundua zamani kwamba nguvu yake kubwa juu ya mwajiri iko kwenye pesa inayomlipa. Mwaka 1941, viwanda vya silaha vikinona kwa pesa za serikali huku vikiwafungia mlango Wamarekani weusi, A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, alimtishia Rais Roosevelt kwamba ataleta maelfu ya watu kuandamana Washington. Tarehe 25 Juni Roosevelt akasaini Amri namba 8802 iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi, na maandamano yakaahirishwa. Mwaka 1961 Kennedy akaongeza kwamba mkandarasi hatakiwi tu kuacha kubagua, achukue na hatua za makusudi kuhakikisha watu wanaajiriwa na kutendewa kwa haki. Johnson akaipa kazi hiyo Wizara ya Kazi mwaka 1965. Wanawake hawakutajwa kabisa mpaka amri nyingine ya Oktoba 1967. Mwaka 1969, chini ya Nixon, naibu waziri mmoja mweusi, Arthur Fletcher, alisimamia Mpango wa Philadelphia uliowataka makandarasi wa ujenzi kuweka malengo ya idadi ya mafundi weusi kwenye miradi ya serikali. Makandarasi wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1978 Carter akaikusanya kazi yote ya usimamizi kwenye ofisi moja ndani ya Wizara ya Kazi, inayojulikana kwa kifupi OFCCP.

Nieleze kidogo hizo "hatua za makusudi", maana wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria AGPO ya Kenya, asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Haya ni mambo mawili tofauti. AGPO inahusu nani apewe zabuni. Amri ya Johnson ilihusu aliyekwisha kupewa zabuni: anawaajirije watu wake, anawapandishaje vyeo, anawalipaje. Kampuni yenye wafanyakazi 50 na mkataba wa dola 50,000 ilitakiwa kuandika mpango kila mwaka, ikilinganisha wanawake na watu wa jamii za wachache iliyo nao katika kila kundi la kazi na wale wenye sifa wanaopatikana eneo lile, kisha iangalie kama mfumo wake wa malipo una kasoro. Palipokuwa na pengo iliweka lengo. Kanuni zenyewe zilikataza lengo hilo kugeuzwa idadi ya lazima. Ndiyo maana neno "upendeleo", ambalo hata magazeti yetu hulitumia, linanikera. Kujitazama kwenye kioo si kumpendelea mtu.

Nilikaa miaka kadhaa upande wa kampuni, mimi ndiye niliyeandaa majedwali hayo. Barua ya OFCCP ikifika, kampuni ilikuwa na siku 30 kupeleka mpango wake na orodha ya mishahara ya kila mfanyakazi: cheo, jinsia, asili, tarehe ya kuajiriwa, malipo. Wachunguzi waliwapanga watu kwa makundi ya wanaofanya kazi zinazofanana, wakapiga hesabu kuona kama tofauti inaelezeka kwa uzoefu, zamu au ngazi. Isipoelezeka walikuja kiwandani, wakahoji watu, wakaandika notisi ya ukiukaji. Mwisho wake mara nyingi ulikuwa makubaliano: kampuni inalipa malimbikizo na kurekebisha mishahara bila kukiri kosa. Benki ya Goldman Sachs ilikubali kulipa karibu dola milioni 10 mwaka 2019. Google ilikubali dola milioni 3.8 mwaka 2021, kwa wafanyakazi wa kike waliolipwa kidogo na waombaji wa kike na wenye asili ya Asia waliokosa kazi.

Lakini kilichonigusa zaidi hakikuwahi kufika kwenye habari. Kila mwaka, kabla hata barua yoyote haijaja, tulilitazama jedwali letu wenyewe. Mwanasheria wa kampuni angeweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza, "Huyu mama, mbona yuko chini hivi?" Tukikosa jibu, mshahara wake ulipanda mwezi uliofuata. Yeye aliambiwa ni nyongeza ya kawaida. Hakujua kwamba aliyemsaidia ni hofu ya mkaguzi ambaye labda asingekuja kamwe. Wanawake wa namna hiyo ndio waliopoteza zaidi tarehe 21 Januari 2025, na hakuna atakayewaambia, kwa kuwa hawakujua kwamba walikuwa na ulinzi huo.

Nisikupambie, ulinzi huo ulikuwa mwembamba. Takriban mfanyakazi mmoja kati ya watano nchini Marekani yuko kwa mwajiri mwenye mkataba na serikali kuu, lakini ofisi ya ukaguzi ya Bunge iliripoti mwaka 2016 kwamba OFCCP ilikuwa ikikagua takriban asilimia 2 tu ya vituo vya kazi vya makandarasi kwa mwaka, na kwamba karibu asilimia 85 ya vituo vilivyoandikiwa barua havikupeleka mpango wake ndani ya zile siku 30. Kesi za waliogoma kukubaliana zilizeeka. Ukaguzi wa benki moja huko Charlotte, ambayo baadaye ikawa Bank of America, ulianza 1993, na kesi ya zaidi ya waombaji kazi weusi 1,000 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1 mwaka 2017. Miaka 24. Kampuni ya programu za kompyuta ya Oracle ilishtakiwa Januari 2017, serikali ikidai pengo la malipo la hadi dola milioni 400, na Septemba 2020 hakimu akaamua Oracle haikuthibitishwa kuwa na kosa. Takwimu za kundi kubwa hazikumtosha. Kesi yako, kwa bahati, haihitaji takwimu za namna hiyo. Una mtu mmoja, cheo kimoja, kiwanda kimoja.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Malipo Sawa ya 1963. Mwanamke na mwanamume walio kituo kimoja cha kazi, wanaofanya kazi iliyo sawa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira, walipwe sawa. Si lazima uthibitishe kwamba bosi ana chuki. Ukionyesha kazi ni sawa na malipo si sawa, mzigo unamhamia mwajiri. Ana milango minne tu ya kutokea: mfumo wa muda kazini, mfumo wa sifa za utendaji, mfumo wa kulipa kwa wingi au ubora wa uzalishaji, au sababu nyingine yoyote isiyo jinsia. Huo wa nne ndio mlango mpana, na ndiko wengi hukimbilia. Wakisema kijana alikuja akiwa tayari na mshahara mkubwa alikotoka, kumbuka kwamba tangu 1 Januari 2024 mwajiri wa Minnesota haruhusiwi kuuliza wala kuzingatia mshahara wa zamani wa mwombaji katika kupanga malipo yake, isipokuwa mwombaji mwenyewe ameutaja kwa hiari bila kuulizwa.

Nyumbani, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinazungumzia kazi ya thamani sawa, jambo pana zaidi. Hapa unalinganisha kazi iliyo sawa hasa. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, jiulize maswali ambayo wakili wao atayauliza. Kijana yuko zamu ya usiku? Nyongeza ya usiku ni halali. Ana cheti cha mashine ambacho wewe huna, na kazi inakihitaji? Anasimamia watu wangapi, na wewe wangapi? Kama ukiondoa nyongeza ya zamu bado pengo ni dola 2, basi kesi yako ni ya dola 2, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko kuambiwa mbele ya hakimu.

Sheria ya Malipo Sawa inakupa miaka miwili kufungua kesi, mitatu kama mwajiri alikiuka kwa kujua, na huhitaji kupitia ofisi yoyote kwanza. Malimbikizo huweza kuongezwa maradufu: zile dola 9,100 zikawa 18,200, mwajiri asipoweza kuonyesha kwamba alitenda kwa nia njema.

Ukiona sababu ni rangi au asili yako, basi ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya saba, kwa waajiri wenye watu 15 au zaidi. Hiyo unaanza kwa kulalamika kwenye Tume ya Usawa wa Ajira, EEOC, na Minnesota una siku 300. Kwa rangi peke yake kuna pia sheria ya mwaka 1866, iliyoandikwa baada ya utumwa kukomeshwa, ambayo hutumika mpaka leo na haina kikomo cha fidia. Zote zinakulinda uwe raia au usiwe.

Kuhusu tarehe, yuko mama mmoja wa Alabama ninayetaka umjue, Lilly Ledbetter. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden tangu 1979. Karibu na kustaafu, mtu asiyejulikana alimwachia karatasi yenye mishahara ya wanaume wenye cheo kama chake, yote juu ya wake. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi. Mei 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauchukua ushindi huo kwa kura 5 dhidi ya 4: siku 180 za kulalamika huko Alabama zilikuwa zimepita tangu mishahara ile ilipopangwa, ingawa hakuwa na njia ya kujua. Bunge likarekebisha, na tarehe 29 Januari 2009 Obama akasaini sheria yenye jina la Lilly Ledbetter. Sasa kila malipo yenye ubaguzi huanzisha hesabu upya. Hata hivyo usilale. Malimbikizo hayarudi nyuma bila mwisho, na mlalamiko kwenye EEOC hausimamishi ile saa ya miaka miwili ya Sheria ya Malipo Sawa.

OFCCP yenyewe haijafa kisheria. Sheria mbili za Bunge, ya 1973 kuhusu watu wenye ulemavu na ya 1974 kuhusu wanajeshi wastaafu, bado zinawabana makandarasi, na rais hawezi kuzifuta peke yake. Hazikusaidii wewe kwa swali hili, lakini kama kuna mwenzako mwenye ulemavu anayenyimwa cheo hapo kiwandani, mwambie. Na Amri 14173 haikuwaacha makandarasi huru. Inawataka wathibitishe kwa maandishi kwamba hawana programu za usawa zinazokiuka sheria za kupinga ubaguzi, nao wakidanganya wanaweza kushtakiwa kwa kuidanganya serikali. Kampuni nyingi zimeogopa zikafunga hata yale majedwali yao, na naona wamekosea: kuchunguza kama unamlipa mwanamke haki yake hakujawahi kuwa kosa.

Sasa Minnesota, na hapa una bahati kuliko ndugu zetu wa majimbo mengi. Tangu 2014 kampuni yenye wafanyakazi 40 au zaidi inayotaka mkataba wa zaidi ya dola 500,000 na serikali ya jimbo lazima iwe na cheti cha malipo sawa kutoka Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota. Mkuu wa kampuni anasaini mwenyewe kwamba wastani wa malipo ya wanawake katika kila kundi la kazi hauko chini ya wa wanaume mfululizo, baada ya kuangalia muda kazini, uzoefu na mambo mengine halali. Idara inaweza kukagua, kutoza faini, hata kuondoa cheti na mkataba ukavunjika. Udhaifu wake ni kwamba kampuni hujithibitishia yenyewe. Ulizia Idara kama mwajiri wako ana cheti hicho. Kama anauza vifaa kwa serikali kuu peke yake, labda hana. Kama anauza na kwa hospitali za jimbo, saini ya bosi wake iko mahali fulani, na pengo lako linaihusu. Mikataba ya serikali kuu unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya USAspending kwa jina la kampuni.

Wiki hii fanya hivi. Andika nyumbani, kwa daftari lako na si kompyuta ya kazini, tarehe kijana aliyokutajia mshahara, maneno yake, nani alikuwepo. Kusanya karatasi zako za mshahara, maelezo ya kazi ya kiongozi wa laini, tathmini zako, na chochote kinachoonyesha wewe ndiye uliyemfundisha. Usichukue faili za kampuni usizoruhusiwa kuzishika, maana hilo litawapa sababu. Tazama tovuti ya ajira ya kampuni: tangu 1 Januari 2025 mwajiri wa Minnesota mwenye watu 30 au zaidi lazima aonyeshe kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi, na kama cheo chako kimetangazwa kwa dola 25 hadi 28, uchapishe ukurasa huo. Kisha mwandikie ofisi ya wafanyakazi barua fupi. Usiseme "mnanibagua". Sema unaomba kujua kwa nini malipo yako ya kiongozi wa laini yako chini ya mwanamume anayefanya kazi ile ile, na kwamba unauliza kwa mujibu wa sheria za malipo sawa. Maneno hayo ya mwisho yana kazi: yanaweka kwenye rekodi kwamba ulidai haki ya kisheria, ili wakikupunguzia saa au kukufukuza wiki inayofuata, hiyo iwe kesi ya pili, ya kulipiza kisasi, ambayo mara nyingi ni rahisi kuthibitisha kuliko ya kwanza.

Wasipojibu kwa wiki mbili tatu, nenda EEOC, wana ofisi Minneapolis, au Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo, ambako una mwaka mmoja. Kwa kawaida lalamiko moja linaweza kusajiliwa kote kuwili, ila liombe hilo kwa mdomo wako. Na umwone wakili wa ajira. Ukishinda, sheria humtaka mwajiri alipe gharama za wakili wako, kwa hiyo wapo wanaokubali kesi bila malipo ya mwanzo.

Umeniuliza kuhusu kijana. Kinga ya ile amri iliyofutwa imeondoka, lakini sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wa kawaida wa kampuni binafsi wanapoambiana mishahara, wawe na chama au wasiwe nacho. Udhaifu wake ni kwamba haiwahesabu wasimamizi, na kampuni inaweza kudai kiongozi wa laini ni msimamizi. Ndiyo maana naipenda zaidi sheria ya Minnesota ya 2014, inayomkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kutaja mshahara wake mwenyewe. Kwenye barua yako huna haja ya kuandika ni nani aliyekuambia. Tena Sheria ya Malipo Sawa inakataza wazi kusawazisha kwa kumshusha mwingine: hawawezi kumpunguzia yeye ili mlingane, ni wewe lazima upandishwe. Mwambie hivyo kwenye mapumziko yenu yanayofuata, kabla hujaipeleka barua.